Kurasa Tatu Kati ya Ishirini na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Paa la stoo limeanza kuvuja saa nne na dakika kumi. Mtunza stoo alikuja kunipa hesabu yake: ndoo tatu, beseni moja, na sufuria aliyoichukua jikoni bila kuaga.

Siku hiyohiyo Daktari, mkuu wetu wa utafiti, katuita kutupa habari njema. Mradi umekubaliwa. Tunarudi kwa watoto wa machimbo: kaya 412 zinazoishi jirani na machimbo ya kokoto, tulizozitembelea miaka saba iliyopita kuuliza kikohozi cha watoto wachanga. Wachanga wale sasa wako shuleni. Tunataka kupima mapafu yao, watoto walewale, mmoja mmoja, tuone vumbi limewafanya nini. Mama zao tuliwaahidi tutarudi na majibu. Niliahidi mimi kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango, nilipotangulia kuwajulisha kabla mdadisi hajafika na maswali yake.

Lakini mfadhili hatoi ruhusa ya kuanza mpaka apate mpango wa data: itakusanywaje, itakaa wapi, nani ataigusa, nani hataigusa, itafutwa lini. Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 30 Aprili.

"Kurasa mbili tatu," Daktari alisema. "Chukueni ule wa mradi wa visima, mbadilishe majina."

Mradi wa visima ulipoteza data yake yote siku kompyuta moja ilipoibwa. Nilitaka kumkumbusha. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, nikanyamaza.

Kisha akajaza mstari wa kwanza wa fomu: Msimamizi wa data. Akaandika jina la Msomi. Msomi ana miezi minne hapa na shahada mbili. Mimi nina miaka kumi na sita hapa na cheti cha kidato cha nne. Kwangu kaandika: msaidizi.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Msomi anataka tuanze "kwenye chanzo". Nimemwambia chanzo ni mimi.

Ijumaa, 6 Machi

Baba watoto hana kazi. Fundi ujenzi na mvua hawapatani, basi anashinda nyumbani akigongagonga kuta zetu na kusikiliza, kama anazipima presha. Nilimweleza habari ya usaidizi.

"Msaidizi wa nani?"

"Wa binti niliyemwonyesha choo kiko wapi."

Akacheka mpaka nikakasirika. "Mke wangu, mbeba zege ndiye anayejua nondo zimelala wapi. Mwenye suti kazi yake kukata utepe."

Sikucheka. Ila nililala vizuri.

Jumatano, 11 Machi

Msomi kaja mezani kwangu na kompyuta yake mpakato na orodha ya maswali. Anauliza kwa adabu, jambo linalochosha zaidi.

"Mama Takwimu, kwenye safu ya kikohozi kuna 7. Ni nini?"

"Kikohozi kisichokoma wiki tatu. 8 amekataa kujibu. 9 hajui."

"Imeandikwa wapi?"

Nikagusa kichwa.

"Na ukiugua, mama?"

"Siugui."

Mafua yakanisaliti hapohapo, nikapiga chafya mbili. Binti aliangalia pembeni asicheke. Nilichukia, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri, na mimi nilipaswa kujiuliza miaka saba nyuma.

Nimeanza kuandika kamusi ya data: kila safu, jina lake, maana yake, na maana ya kila tarakimu iliyomo. Safu ni 118.

Jumanne, 17 Machi

Safu 64 kati ya 118. Mgongo hauko tayari kwa mazungumzo.

Wakati wa chai nilivuka barabara kununua bahasha, nikapita mbele ya kibanda cha Bi Kalamu. Anatoa nakala, anachapa barua, anapiga picha za vitambulisho. Bado anachomeka kalamu kwenye kilemba, upande wa kulia, kama zamani tulipokaa meza moja. Yeye aliingiza madodoso kwenye kompyuta, mimi niliandika orodha kuu ya majina. Mkataba wake haukuongezwa, kwa sababu ya makosa 32. Nafasi ilibaki moja, ikawa yangu.

Tulisalimiana kwa kidevu. Bahasha nilinunua duka la pili.

Jumatatu, 23 Machi

Kamusi imekwisha. Kurasa mbili za Daktari sasa ni tisa.

Alipoziona alishika paji la uso. "Mnaandika mpango au mnaandika kitabu?"

Msomi alisimama. Sikujua anataka kusema nini. "Daktari, naomba tubadilishe mstari wa kwanza. Mimi nikiulizwa 7 ni nini, nitampigia simu Mama Takwimu. Msimamizi ni yule anayepigiwa simu."

Daktari akatazama dirishani, kwenye mvua, kama mtu anayehesabu ni mabishano mangapi yaliyobaki maishani mwake. Hata yeye amechoka. Nilikuwa sijaliona hilo. Akakata jina la Msomi, akaandika langu.

Nimelisoma mara nne. Miaka kumi na sita nimeandika majina ya watu wengine kwenye mistari. Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa, mwavuli nimeushika mkononi haujafunguliwa.

Binti yule nilimkosea. Kesho nitamwambia. Au nitampelekea chai, ataelewa.

Jumanne, 24 Machi

Nimempelekea chai.

Jumatano, 1 Aprili

Dari ya stoo imeshuka upande mmoja. Haikumwangukia mtu. Mtunza stoo alikuwa mlangoni, ndoo mkononi.

"Dada, mimi nilisema. Niliandika barua tatu."

"Zilikwenda wapi?"

"Ziko stoo."

Tumebeba maboksi 26 mpaka ofisini kwangu, mimi, yeye, Msomi, na Daktari aliyevua koti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Madodoso yote ya watoto wa machimbo yako humo, na daftari la mdadisi. Maboksi hayakuwa yamefunguliwa tangu siku yalipofungwa. Gundi ya karatasi za kufungia imekauka rangi ya kahawia.

Sina mahali pa kuweka miguu.

Jumatatu, 6 Aprili

Msomi kaniuliza habari ya makosa 32. Kwenye mpango kuna sehemu inayosema: matatizo yanayojulikana katika data ya awali na yalivyorekebishwa. Nikamweleza. Orodha kuu yangu ilikuwa na namba ya kaya, jina la mama, nyumba ilipo, na mtoto ni wa kike au wa kiume. Dodoso lilikuwa na namba bila jina, kwa ajili ya siri za watu. Kinachoviunganisha ni namba tu. Tulipolinganisha, kaya 32 zilikataa kulingana: orodha inasema wa kike, kompyuta inasema wa kiume, au kinyume. Bi Kalamu ndiye aliyeingiza madodoso. Ikaonekana amechapa vibaya.

"Ilionekanaje?"

"Orodha yangu ilikuwa safi."

"Hakuna aliyefungua maboksi kuangalia dodoso lenyewe?"

Hakuna. Daktari alikuwa na haraka ya ripoti, kompyuta ilikuwa tayari imelaumiwa pamoja na mwenye kuishika. Bi Kalamu alisema, nakumbuka sauti yake, haikupanda wala haikushuka: "Fungueni maboksi." Alisema mara mbili. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja.

Leo tumeyafungua. Tumetoa madodoso yote 32. Msomi alisoma karatasi, mimi nilisoma kompyuta.

Wa kike, wa kike. Wa kiume, wa kiume. Mpaka la mwisho.

Bi Kalamu hakukosea hata moja.

Jumanne, 7 Aprili

Baba watoto aliona sili.

"Kuna mtu alilaumiwa kazini," nikasema, "na hakuwa yeye."

"Kawaida. Ukuta ukipasuka anaanza kulaumiwa mpiga rangi. Ndiye wa mwisho kuonekana na brashi."

"Na aliyekosea?"

"Yuko chini. Amemwaga msingi, amekwenda zake."

Nilikwenda kufua, na nguo zilikuwa safi.

Alhamisi, 9 Aprili

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinataka kuruka hatua.

Asubuhi Msomi alinipa karatasi tupu. Mpango unataka maelezo ya safari ya data, kutoka mdomoni mwa mama mpaka kwenye kompyuta, kila mkono iliopitia. "Kila hatua, mama, hata ile unayoiona ya kijinga." Nikaona ananipotezea muda. Nikaanza.

Hatua ya kwanza: mdadisi anafika, anatoa dodoso lenye namba iliyogongwa muhuri, anauliza. Hatua ya pili: anaandika jina la mama kwenye daftari, mstari mmoja kwa kaya moja, mistari ishirini kwa ukurasa. Hatua ya tatu: namba ya kaya inaandikwa kwenye mstari wa kwanza tu wa kila ukurasa, mingine inahesabika kushuka chini.

Hilo nililibuni mimi. Mdadisi alikuwa anachelewa, nikamwambia usiandike namba mara ishirini, andika moja juu, kwa kalamu ya wino mzito ionekane vizuri, mimi nitahesabu. Daktari alinisifu. Ndiyo sifa iliyonitoa barabarani ikaniweka mezani.

Hatua ya nne: daftari linaletwa ofisini, Mama Takwimu ananakili kwenye orodha kuu.

Nikaandika: isipokuwa siku ya mvua. Kalamu ikasimama.

Siku ile ya mvua daftari lilifika limelowa katikati. Nilichomoa kurasa tatu, nikazitandaza mezani zikauke. Majina yaliandikwa kwa kalamu ya kawaida, yalibaki. Namba za juu, za wino mzito, zilisambaa zikawa madoa ya bluu. Zilipokauka nilizipanga nilivyokumbuka, nikazibana kwa pini, nikaandika namba mpya juu ya madoa. Sikumwuliza mdadisi. Nilikuwa na hakika. Nina kumbukumbu nzuri, kila mtu anajua.

Nikatoa daftari kwenye boksi. Kurasa ni 21. Tatu zimekunjamana kama utando wa maziwa, na pini imeshika kutu: ukurasa wa 13, wa 14, wa 15. Kaya 241 mpaka 300.

Nikarudi kwenye yale makosa 32, nikayatazama namba zake, kitu ambacho kwa miaka saba sikuwahi kufanya kwa sababu nilijua ni ya nani. Ya kwanza ni 242. Ya mwisho ni 299. Hakuna hata moja nje ya hapo.

Mtu anayechapa vibaya hukosea popote. Hakosei ndani ya kurasa tatu tu. Na kuna lingine baya zaidi. Ukiwachanganya watoto sitini bila mpango, karibu nusu wataangukia jinsia iliyo sawa kwa bahati tu, na hao hawatapiga kelele. Nusu ya sitini ni thelathini. Tuliona 32. Maana yake hatukuwa na makosa 32. Tulikuwa na makosa sitini, na ishirini na nane yalikaa kimya.

Tungekwenda uwanjani na orodha yangu safi, tungepima mapafu ya watoto sitini na kuyaunganisha na kikohozi cha watoto wa watu wengine. Tungewapa mama sitini majibu yasiyo yao.

Niliomba ruhusa saa nane, nikasema kichwa.

Ijumaa, 10 Aprili

Kurasa tatu zinapangika kwa njia sita. Moja nimeshaitumia. Nilijaribu zilizobaki. Ya kwanza, kaya 28 hazikulingana. Ya pili, 18. Ya tatu, sifuri. Sitini kwa sitini, wa kike na wa kike, wa kiume na wa kiume. Nilirudia mara mbili.

Orodha imerekebika kwa dakika arobaini. Hakuna aliyeniona.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Nimekwambia imerekebika, daftari, unataka nini zaidi.

Jumanne, 14 Aprili

Msomi kauliza ile sehemu ya matatizo nitaijaza lini. Nikasema kesho.

Jumatano, 15 Aprili

Kesho.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilikwenda dirishani mara sita leo. Ofisi yangu inatazamana na kibanda cha Bi Kalamu. Sikuwahi kuona hivyo kabla ya leo, au meza niliigeuza mwenyewe, sikumbuki. Mvua ikizidi anavuta mashine ndani kwa nguvu, peke yake, na kuifunika kwa nailoni. Mashine ni nzito. Ana umri wangu.

Miaka saba nimekuwa nikisema mtu asiye na shahada hahesabiwi. Naye hana shahada. Hilo lilinipita.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimejaza. Nusu ukurasa: namba moja kwa ukurasa, wino mzito, mvua, pini, hakika yangu. Jinsi tulivyojaribu mipangilio sita. Na sentensi hii: mwingizaji wa data wa awali hakuhusika na kosa hili kwa namna yoyote. Chini yake jina langu.

Msomi alisoma kwanza. Alisoma polepole, kisha akaniuliza kitu kimoja tu. "Ulijua lini, mama?"

"Tarehe tisa."

Akahesabu siku kwa macho. Akampa Daktari karatasi.

Daktari alisema kwa wote wawili. "Limeshasahihishwa, kwa nini tuliseme? Mfadhili atatukimbia."

"Mfadhili ameuliza," nikasema. "Kuna sehemu yake kwenye fomu."

"Watu huandika hapo: hakuna."

"Kwenye mradi wa visima tuliandika hakuna."

Mvua ilikuwa ikijaza ndoo ya mtunza stoo kwenye korido, tone kwa tone.

"Na yule mama wa kalamu," Daktari akasema mwishowe, taratibu, "barua yake niliisaini mimi."

"Wewe ulisaini. Niliyekaa kimya ni mimi."

Alivua miwani akaisugua na tai. Akasema nusu ukurasa utabaki. Kisha akasema jambo la pili, na sikuweza kumpinga, kwa sababu hata mimi ningelisema: mpango unaoeleza kosa la mtu hauwezi kumtaja mtu huyohuyo mstari wa kwanza. Akakata jina langu. Akaandika la Msomi.

"Si haki," Msomi alisema.

"Andika, binti yangu," nikamwambia. "Maana ya 7 umeshaijua."

Ilidumu siku ishirini na nane.

Jumanne, 21 Aprili

Nimemwambia baba watoto yote. Hakutoa mfano wa ukuta. Alinipokonya ndoo akaenda kuteka maji mwenyewe.

Jumatano, 29 Aprili

Mpango umekuwa kurasa kumi na nne. Tunapeleka kesho. Tulichoandika tumekianza kukitimiza: nakala tatu, mahali patatu, na moja isiwe chini ya paa hili.

Mashine yetu ya ofisini haina wino. Hata ingekuwa nao.

Nilivuka barabara. Bi Kalamu alikuwa akifuta kioo cha mashine kwa kitambaa.

"Karibu, Mama Takwimu. Leo duka la pili limefungwa?"

"Nimekuja kutoa nakala."

"Ngapi?"

"Tatu. Ila naomba kwanza usome ukurasa wa sita."

"Mimi hapa nachapa na kutoa nakala. Kwa kusoma nililipwa zamani."

"Nakuomba."

Aliuchukua. Alichomoa kalamu kilembani, akaiteremsha mstari kwa mstari bila kugusa karatasi, vilevile alivyokuwa akihakiki madodoso. Mteja mmoja alisimama nyuma yangu na picha za kitambulisho. Akamwonyesha benchi bila kuinua macho. Kalamu ilifika chini. Ikarudi juu. Ikashuka tena.

"Kurasa tatu," akasema.

"Tatu."

"Mimi nilidhani labda ni kweli, unajua? Mwaka wa kwanza nilikuwa nachapa barua za watu hapa nazisoma mara tano tano. Nikasema pengine macho yangu yana kasoro." Alirudisha kalamu. "Nilisema mfungue maboksi."

"Ulisema mara mbili. Nilisikia."

"Na hukuinuka."

"Sikuinuka."

Nilikuwa nimeandaa maneno, yamepangwa vizuri. Hayakufaa kitu. Nilisema nimekukosea, nisamehe, kwa kifupi hivyohivyo. Alirudi kwenye ukurasa wa kwanza, akasoma mstari wa juu.

"Hapa msimamizi ni nani?"

"Yule binti."

"Na jina lako liko wapi?"

"Ukurasa wa sita. Ni hapo tu."

Aliniangalia sana. Sikuona huruma usoni mwake, wala sikuifuata. Kisha akafungua kifuniko, akalaza karatasi ya kwanza, akailinganisha kwa kidole na pembe ya kioo. Mashine ikaanza kuvuma. Alitoa nakala zote, akazigonga mezani kingo zikae sawa, akaanza kuzibana. Moja. Mbili. Tatu.

Nikanyoosha mkono.

"Ngoja," akasema. Akabana ya nne. Akaiweka chini ya mashine, ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili. "Hii yangu."

Jumatano, 6 Mei

Mpango umekubaliwa. Daktari alileta habari mwenyewe mpaka mlangoni. Mafundi wako juu ya paa la stoo. Baba watoto yuko kati yao, nasikia nyundo yake.

Jumatatu, 11 Mei

Jua. Barabara ya machimbo imekauka, na vumbi limerudi kama halijawahi kuondoka. Wadadisi ni wanne, na nilitoka nao kwa miguu, ingawa kwenye mpango msaidizi hatajwi kutoka. Niliomba tuanzie kaya ya 241.

Mama alinitambua. "Ulisema mtarudi."

"Tumechelewa."

Jina lililingana. Mtoto alitoka nyuma ya pazia, msichana, amekosa meno mawili ya mbele. Alipuliza kwenye kile kifaa cha kupima mapafu kwa nguvu zake zote, akakohoa, akacheka, akaomba kupuliza tena. Namba yake nimeiandika. Nikaenda nyumba ya pili nikaiandika namba yake pia, na ya tatu, na ya nne, kwa kalamu ya kawaida, kwenye kila mstari.